MREJESHO: Hija ya miguu Kasulu hadi Ujiji, nimefika

Wapendwa, mwezi uliopita niliwauliza nitauandaaje moyo kwa hija ya siku nne, miezi mitano tu baada ya kumzika mama, na kama nimchukue mdogo wangu ambaye tulikuwa hatusemezani tangu msiba. Wengi mlisema nimchukue. Nilimchukua.

Yule dada aliyenishauri nianze kwa kutembea jioni huku nikimtaja mama kwa sauti, Mungu akubariki. Wiki mbili nililia njiani kila jioni, hivyo safari ilipoanza machozi hayakunishtua.

Siku mbili za kwanza tulisali rozari tu, yeye mbele, mimi nyuma. Siku ya tatu kiatu kilinichubua. Akapiga magoti, akanifunga kitambaa, akasema, "Dada, ile siku ya mazishi nilikukosea." Tulikaa pale chini hadi wenzetu wakatuacha mbali.

Tulipovuka mto Luiche nilijua tumekaribia. Ujiji tulipumzika chini ya miembe, tukala ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka, Ziwa Tanganyika mbele yetu. Mama alizoea kutumegea mgebuka mmoja, nusu kwa nusu. Mdogo wangu akaumega vilevile.