Ushauri wakuu: ninunue kibanda bondeni karibu na biashara yangu au niende Msongola?

Mama Vitumbua:
Habari zenu wakuu, naomba mawazo maana nimewaza hadi kichwa kinauma. Nina watoto watatu, nimepanga chumba kimoja Buguruni hapa Dar, elfu 60 kwa mwezi, nalipa miezi sitasita. Saa tisa usiku naamka kukaanga vitumbua na chapati, kumi na mbili kasoro nishapanga meza, wateja wangu ni makonda na wabeba mizigo wa sokoni. Baba watoto yupo ila ndo hivyo hayupo.

Sasa mwenye nyumba kauza, aliyenunua anataka abomoe ajenge fremu, tumeambiwa tutoke mwisho wa mwezi huu wakati kodi yangu bado miezi miwili. Nikitafuta chumba kingine ni kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali. Kikoba tumevunja nimepata milioni tatu na laki mbili. Dalali kanionyesha kibanda cha vyumba viwili bondeni, bonde la mto Msimbazi upande wa Vingunguti, milioni tatu, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri siku hiyohiyo. Kwa mguu mpaka kwenye meza yangu sio mbali. Dada yangu yeye ananing'ang'aniza kiwanja Msongola kwa hela hiyohiyo, ila huko ni kiwanja kitupu na biashara sijui nitamuuzia nani. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Konda Mstaafu:
Msongola mpaka Buguruni kila siku alfajiri? Dada utaacha biashara ndani ya mwezi. Muda huo daladala zenyewe bado zimelala, utapanda boda na ndoo ya unga? Nauli nayo ni kodi, watu hawaihesabu tu.

Mkazi wa Zamani:
Bondeni achana nako kabisa. Sisi tulikuwa Jangwani mafuriko ya Desemba 2011, serikali ikatupeleka Mabwepande tukapewa viwanja, na mahema mwanzoni. Kiwanja nilipata kweli, lakini kazi ilibaki mjini. Wenzangu wengi waliuza wakarudi kulekule bondeni, na wale waliorudi ndo waliopigwa X nyekundu ya kubomolewa kwenye kuta, mwisho wa 2015 greda likapita Mkwajuni na maeneo yale. Muhuri wa mwenyekiti hauzuii greda. Mita 60 kutoka mtoni kisheria ni eneo hatarishi, sheria ya ardhi ya 1999 imeandika hivyo na ile ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga humo.

Mjuaji wa Mjini:
Acheni kumtisha dada wa watu, mafuriko ni ya siku mbili tatu, mwaka mzima uko pakavu. Na kuna mradi wa Bonde la Msimbazi ule wa Benki ya Dunia, watu wamelipwa fidia wahame. Anunue asubiri hela.

Mkazi wa Zamani:
@Mjuaji wa Mjini fidia analipwa aliyekuwepo kwenye tathmini, sio anayekuja kununua leo kwa tamaa. Hiyo ndo biashara ya madalali sasa hivi, wanauza nyumba ambazo wenyewe washajua zitabomolewa.

Fundi Saruji:
Dada kabla hujatoa hata mia rudi kwenye hicho kibanda mchana, bila dalali. Angalia nyuma ya mlango na chini ya dirisha. Ukuta ukiwa umepakwa rangi mpya nusu ya chini tu, jua wanaficha mstari wa tope. Shika frem ya mlango, kama mbao imevimba chini, maji yalishaingia. Halafu waulize watoto wa jirani, sio wakubwa, uwaambie mvua ikinyesha mnalala wapi. Na ile asilimia kumi ya bei watakayokudai ofisi ya mtaa haipo kwenye sheria, ni mazoea tu.

Bi Mkubwa wa Chamazi:
Mwanangu pole. Bandari ilivyopanuliwa Kurasini, wenye nyumba walilipwa, wapangaji tukaambulia patupu. Waliokuwa kwenye vikundi vya kuweka na kukopa wakachangishana mpaka ikanunuliwa shamba la ekari 30 huku Chamazi, watu wakajenga mdogomdogo. Mbali ni mbali kweli, ila hatubomolewi. Kikoba chenu kina watu wangapi? Mkinunua pamoja mnapimiwa kwa bei nafuu kuliko mmojammoja. Kwa sasa usitoke bure, mwambie huyo mwenye nyumba akurudishie kodi ya miezi miwili kwanza, kapate barua kwa mjumbe.

Mama Vitumbua:
Asanteni jamani. @Fundi Saruji nimeenda leo mchana. Rangi mpya inaishia kiunoni kwangu. Mtoto wa jirani kasema wakiona maji wanapanda juu ya meza ya chakula, anasema huku anacheka. Kwa hiyo hapo nimeachana napo, dalali kanuna hapokei simu. @Bi Mkubwa wa Chamazi tuko 22, kikao Jumapili nitaliingiza hilo, kuna wawili watatu nao wamepewa notisi. Hela ya kodi kasema atarudisha ya mwezi mmoja, nimekataa. Kwa sasa nani anajua chumba Buguruni, Malapa au hata Tabata Relini mwenye nyumba anayekubali kodi ya miezi mitatu? Choo cha kushea sina shida nacho, ila awe anaruhusu jiko la mkaa usiku.

Konda Mstaafu:
Nicheki inbox, kuna bibi Malapa anachukua ya mwezi mmojammoja. Mkali kidogo ila mkaa anaruhusu, mwenyewe anakaanga samaki.