Linux, Windows Server na FreeBSD: nani anakaa hewani zaidi, na tunapimaje?

Kitasa:
Wakuu, nina Debian 12, Windows Server 2019 na FreeBSD 14. Nataka kulinganisha muda zilizowaka bila kuzimwa. Amri zipi zinatoa majibu yanayolingana? Na hawa wanaotamba kwamba seva yao imefikisha siku 900, tuwahesabu kuwa na mfumo bora?

Mzee_wa_Keneli:
Chukua tarehe ya kuwaka, hesabu mwenyewe. Debian: `uptime -s`. FreeBSD: `sysctl kern.boottime`. Windows, kwenye PowerShell: `(Get-CimInstance Win32_OperatingSystem).LastBootUpTime`. Ukisoma `/proc/uptime`, achana na namba ya pili. Ile ni jumla ya sekunde ambazo kori zote (vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa) zimekaa bila kazi, kwa hiyo mashine ya kori 8 inaweza kuonyesha namba kubwa kuliko umri wake.

Kaunta zinazohesabu muda huo nazo huwa na mwisho. Biti 32 zikihesabu mara 100 kwa sekunde zinajaa baada ya siku 497, ndiyo maana Linux ya keneli (kiini cha mfumo) 2.4 ilikuwa ikirudi sifuri hata kama haijazimwa. Windows Server 2008 R2 ilikuwa na balaa zaidi: ikipita siku 497, miunganisho ya mtandao ya TCP iliyoko TIME_WAIT (imemaliza kazi, inasubiri kufungwa) haifungwi tena, bandari (namba za miunganisho) zinaisha taratibu. Ping inajibu, siku zinazidi kuongezeka, wateja hawaingii.

bint_shell:
Siku 900 maana yake keneli ya miaka miwili na nusu iliyopita, labda kama anatumia viraka vya moja kwa moja (marekebisho ya keneli bila kuwasha upya) kama Livepatch au kpatch. Kagua: Debian `needrestart -k`, FreeBSD linganisha `freebsd-version -k` (iliyosakinishwa) na `freebsd-version -r` (inayofanya kazi). Zikitofautiana, kiraka kipo diskini tu, hakijakulinda.

Windows hutoa viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na vingi vinadai kuwasha upya. Server 2019 yenye siku 200 mimi naiona imetelekezwa, sio imara. Na mwenye prosesa ya AMD EPYC 7002 asijaribu rekodi: kori inaweza kuganda ikifika karibu siku 1,044 tangu kuwashwa, isipokuwa CC6 (hali ya kori kulala ili kuokoa umeme) imezimwa.

Mtambo255:
Linganisha kuzima kusikopangwa, hapo ndipo mifumo hutofautiana kweli. Windows, logi ya System: tukio 1074 ni la kupangwa, 41 na 6008 ni kukatika ghafla. Debian 12: `last -x reboot shutdown`. Mapya yako juu, kwa hiyo `reboot` mbili zikifuatana bila `shutdown` katikati, umeme ulikatika au keneli ilianguka.

Huduma yenyewe ipime kila dakika kwa cron (kipangaji cha kazi za kujirudia): `curl -fsS -m 10 -o /dev/null` na anwani yako, andika kila inaposhindwa. Asilimia 99.9 inakuruhusu saa 8 na dakika 46 kwa mwaka, 99.99 ni dakika 52 tu. Mashine pepe inayowaka kwa dakika moja, ukiiwasha upya kila mwezi, inakula dakika 12. Seva ya chuma inayokagua RAM dakika 8 kila ikiwaka inakula 96, umeshapitiliza hizo 52.

Kitasa:
Hiyo curl naweza kuiweka kwenye mashine iliyo swichi moja na seva?

Mtambo255:
Hapana mkuu. Laini ya intaneti ikikatika utaona kijani tupu, kwa sababu mashine hiyo bado inaifikia seva kwa ndani. Iweke kwa mtoa huduma mwingine, na ihesabu kosa baada ya majaribio 2 mfululizo, la sivyo pakiti moja ikipotea utaambiwa seva imeanguka.