Battleship Potemkin: ile sini ya ngazi ilitokea kweli?

Wakuu habari, jana usiku nimeangalia filamu ya Battleship Potemkin ya mwongozaji Eisenstein, ya 1925, nilijua ntasinzia maana haina sauti na ni propaganda ya Wasovieti, sasa pale ngazi za mji wa Odessa askari wanashuka wanafyatua risasi na kile kigari cha mtoto kinaporomoka nikajikuta nimekaa wima. Ilitokea kweli au tumepigwa changa la macho?

Jibu 1
Nusu kwa nusu mkuu. Uasi wa mabaharia wa meli ya kivita Potemkin 1905 ulikuwepo na ile nyama yenye funza ndo ilianzisha balaa. Odessa watu waliuawa pia, ila mauaji ya kwenye ngazi kwa mtindo ule ni ubunifu wa Eisenstein. Halafu mwisho wamekuficha, meli ilienda kujisalimisha Romania 😂

Jibu 2
Mchawi ni uhariri. Wale simba wa mawe wanaoonekana kwenye filamu ni sanamu tatu tofauti, wa kwanza kalala, wa pili anaamka, wa tatu kainuka, zikiunganishwa fasta unaona kama jiwe limeshtuka. Na ngazi haziishi, muda kauvuta makusudi. Uingereza waliifungia mpaka 1954, unadhani bure?

Muulizaji
Kwa hiyo nimetokwa jasho kwa ajili ya sanamu, sawa tu 🤦 Na muziki je? Niliyoona mimi ina kinanda tu.

Jibu 2
Tafuta yenye muziki wa Edmund Meisel, aliutunga 1926 kwa maonyesho ya Berlin. Weka spika kubwa.