Corolla inachemka kwenye mupando wa Ngomo, fundi anasema ni joint ya kilasi. Nifungue motere ao ningoje?

corolla_bkv
Jambo kwenu wote. Niko Bukavu, niko na Corolla 110 ya esansi, motere 5A, volani kuume. Hapa mujini gari haina neno, naenda Nguba, napanda Kadutu, nakwama mu ambutiyaji ya Feu Rouge na jua yote ya saa nane, mushale wa joto hautikisike. Shida ni barabara ya Uvira. Kushuka ni sawa, kurudi njo matatizo: nikimaliza Kamanyola nikianza Ngomo mushale nao unaanza kupanda pole pole, na mbele nifike juu uko pembeni ya alama nyekundu, inabidi nisimame nifungue kapo, na maji inalia mu ile bido ndogo ya plastiki kama sufuria ya bugali.

Nikapeleka garaji. Fundi wa kwanza akatoa termostati akasema hii kitu ni ya Wazungu kwenye kuko baridi, huku kwetu haina kazi. Ikawa mubaya kupita mbele. Fundi wa pili hakushika hata ufunguo, aliangalia tu, akasema joint ya kilasi (ile ya katikati ya kichwa cha motere na bloku) imeungua, nilete dola 250 afungue motere. Mafuta ya motere naona iko safi. Maji inapungua kidogo, naongezaka ya robine. Sasa wakubwa, nifungue ao kuna kitu cha kuangalia kwanza? Mwisho wa mwezi lazima nishuke tena.

fundi_birere
Ndugu, usifungue kitu. Dola 250 haikimbii, anza na vitu vya bure.

Jiulize kwanza gari inachemka WAKATI GANI, watu wengi hawaulizi hiyo na njo inaonyesha njia. Gari inayochemka ikisimama mu ambutiyaji na inapoa ikianza kutembea, hapo unatafuta vantilatere (feni ya radiatere), fizibli yake, rele yake. Yako ni kinyume, ikisimama iko salama, ikibeba uzito mu mulima inachemka. Basi vantilatere usiiguse. Kwako maji haipotezi joto ya kutosha: radiatere imeziba, ao pompi ya maji imechoka, ao kofia ya radiatere haishiki presha, ao maji inapita njia mubaya. Na ile njia mubaya yule fundi wa kwanza njo alikufungulia.

Termostati ya hiyo motere si mulango wa kufungua na kufunga tu, iko na vali mbili. Motere ikiwa baridi, vali kubwa inafunga njia ya radiatere na maji inazunguka njia ya mukato inarudi mu motere. Ikipata joto, kama digri 82 hivi, vali kubwa inafunguka na ile ndogo ya nyuma inaenda kuziba njia ya mukato, maji yote ilazimike kupita mu radiatere. Sasa ukiitoa yote, njia ya mukato inabaki wazi siku zote, maji ingine inarudi mu motere na moto wake wote, radiatere haijaiona. Mu mujini hauwezi kutambua. Mu Ngomo utatambua. Njo maana iliongeza ubaya.

Halafu kofia. Sisi huku tunaishi juu, Ziwa Kivu peke yake iko karibu metre 1460 juu ya bahari, na hapo maji ya kawaida inachemka kwa digri 95, haingoje 100. Motere yako inafanyaka kazi kwa 90 na kitu. Unaona nafasi iliyobaki ni ndogo namna gani? Kofia njo inakuokoa, inafungia presha ndani na maji inaweza kupita 115 bila kuchemka. Ile mupira yake ikipasuka, hauna kitu. Kofia ni ya dola chache, na kila siku naona batu banafungua motere juu ya kofia.

Joint ya kilasi haionekane kwa macho kama vile anakudanganya. Asubuhi, motere BARIDI, fungua kofia, jaza maji mpaka mudomo, mutu awashe, wewe angalia. Povu inatoka mwanzoni kidogo halafu inaisha, hiyo ni hewa tu. Povu inaendelea bila kuisha, na tuyo kubwa ya juu ya radiatere inakuwa ngumu mukononi hata mbele motere ipate moto, hapo uko na shida ya kweli. Angalia pia chini ya kifuniko cha mafuta kama kuna kitu rangi ya maziwa, na eshapema kama inatoa moshi mweupe hata motere ikiwa na moto. Kama hakuna hata moja, yule muambie aksanti uende zako.

Nijibu: maji yako ndani ni rangi gani?

lushi_motokari
Bakwetu mi hapo kwa termostati sikubali. Niko Lubumbashi, motokari yangu Carina sijaweka termostati miaka na miaka, nafika Likasi, nafika Kolwezi, mwezi wa kumi na jua yake yote, haijachemka hata siku moja. Bafundi bote huku banatoa. Munamuuzisha mutu kintu ya hamsini bule juu ya kitabu ya Toyota. Kama inachemka ni radiatere, peleka kwa mutu wa kuchomelea akate kichwa asukume fimbo ndani ya tuyo zake bintu bitoke, bei kidogo, shida imeisha.

fundi_birere
Kaka wa Lushi, nakuheshimu ila Lubumbashi mpaka Likasi si Ngomo. Barabara yenu iko tambarare, upepo inaingia, motere inapumua. Uniambie ukweli tu, mushale wako unafikaka katikati? Najua haufiki, unabaki chini kabisa. Motere iko baridi siku zote, inakula esansi ingi, na mafuta haipati joto ya kukausha maji maji ya ndani, inageuka tope pole pole. Haichemki, ndiyo. Inakufa njia ingine.

Na ile fimbo mu radiatere usimushauri. Radiatere ya Corolla ya siku hizi ni alimini na kichwa cha plastiki, si ile ya shaba ya zamani, hakuna pa kuchomelea. Wa fimbo ataitoboa.

lushi_motokari
Hapo kwa mushale sawa, uko chini. Lakini esansi sijaona tofauti mi.

mama_wa_uvira
Mwanangu corolla_bkv, pole. Mimi natembea ile barabara na mizigo ya samaki na mchele, si fundi, naongea ya dereva. Mbele ya yote simamisha gari mu kivuli, fungua kapo, ingiza taa kati ya radiatere ya maji na ile ya klima iliyo mbele yake. Mwenzangu mumoja gari yake ilisumbua hivi hivi, tulipochungulia hapo kati kulikuwa majani, vumbi ya Rusizi, na wadudu wamekauka kama mukeka, upepo hauwezi kupita. Kwa mbele unaona safi, uchafu uko katikati. Wakaosha na maji ya nguvu kidogo tu, toka upande wa motere kwenda mbele, si mbele kwenda nyuma, kwa sababu ukisukuma toka mbele unaingiza uchafu zaidi, na maji ya presha kubwa inalaza ile mikunjo ya alimini. Usiwape hawa vijana wa kuosha gari na ile mashine yao wakusaidie, watakuharibia.

Na kupanda: nyinyi vijana munapenda kulazimisha vitesi ya tatu mpaka gari inatetemeka. Weka ya pili, motere izunguke bila kulia, pompi ya maji inazunguka nayo. Zima klima. Ukiona mushale umeanza kutoka katikati, fungua shofaji ya ndani mpaka mwisho, na upepo yake yote, utapika jasho, sawa, lakini inatoa joto mu motere na mushale unaweza kurudi. Ukirudi hivyo, jua kwamba maji inazunguka, shida iko upande wa radiatere. Hiyo ni kipimo pia.

Lakini mushale ukigusa nyekundu SIMAMA. Usiseme nitafika juu. Na usifungue kofia ikiwa moto, nimeona kijana ameungua uso mzima pale pale pembeni ya barabara. Wala usimwagie motere maji ya baridi, ngoja.

fundi_birere
Mama amenena. Kilasi ya 5A ni alimini na bloku ni chuma, alimini ikipata moto mubaya inapinda, na ukiimwagia baridi unamaliza. Njo hapo joint inaungua kweli, haikuwa imeungua, wewe njo umeiunguza.

corolla_bkv
Aksanti sana mama, aksanti yaya. Asubuhi nimefanya yote. Povu ilitoka kidogo ikaisha. Tuyo ya juu ililegea mpaka motere ikapata joto. Kifuniko cha mafuta safi, moshi hakuna. Kati ya radiatere mbili kulikuwa mavumbi lakini si mingi sana, nimeosha namna mama alisema. Kofia sasa, mupira wake umepasuka pande mbili, nikibonyeza ka resori kanabaki chini hakarudi vizuri. Na maji ndani ni rangi ya matofali, nikiweka kidole kuna kitu kama tope. Pembeni ya pompi kuna alama nyeupe imekauka lakini haitone. Huku madukani wananiambia termostati za Toyota zote ni sawa, ni kweli?

fundi_birere
Si kweli. Chukua ile inayoandikwa 82, na uone iko na ile sahani ndogo ya nyuma na resori yake, zingine za bei kidogo hazina na zitakurudisha kwenye shida ile ile. Mbele ya kufunga itie mu maji ya moto jikoni uone inafunguka. Kuna kasindano kadogo kanachezacheza pembeni yake, kakae juu wakati wa kufunga, kanatoa hewa. Na joint yake ya mupira mupya, usirudishe ya zamani.

Rangi ya matofali ni kutu ya bloku, ni ile robine yako. Mwaga yote, ya radiatere na ya motere pia (kuna vis ya kumwagia kwenye bloku, fundi wengi hawaigusi na nusu ya uchafu inabaki hapo), jaza maji safi, washa mpaka ipate moto, ngoja ipoe, mwaga tena, rudia mpaka itoke nyeupe. Mwisho weka likidi ya radiatere, nusu likidi nusu maji safi. Watu wanasema hiyo ni ya kuzuia barafu na huku hakuna barafu. Barafu achana nayo, unaitafutia juu inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Kama radiatere ikibaki inachemka baada ya hapo, ukishika na mukono (motere imezimwa, angalia vantilatere isikukate) utasikia kuna sehemu baridi na sehemu moto, sehemu baridi zimeziba, hapo badilisha radiatere yote.

Ile alama nyeupe kwenye pompi ni maji iliyovuja ikakauka, njo kwenye maji yako inaendaka. Pompi ya 5A inazungushwa na kurwa (mukanda) ya inje, ile ya alternatere, si ya distribution, kwa hiyo wakifungua hapo badilisha vyote viwili pamoja, usilipe kazi mara mbili. Hii njo kazi ya kweli ya gari yako, na bado ni chini ya ile 250 kama haukuti mwizi.

Kofia angalia namba iliyoandikwa juu ya ile ya zamani, 0.9 ao 1.1, nunua hiyo hiyo. Usidanganyike kwamba kubwa ni nzuri zaidi, radiatere ya zamani na tuyo za zamani ukiongeza presha zinapasuka.

mama_wa_uvira
Na ukishuka mwanangu, usishuke na mguu juu ya freni toka juu mpaka Kamanyola. Vitesi ya pili, motere njo ikushike. Ukianza kusikia harufu ya kuungua na pedali inaanza kuingia chini, simama ngoja zipoe. Mwambie fundi aangalie na plaketi za freni wakati gari iko mikononi mwake.

corolla_bkv
Sawa mama. Pompi na kurwa wanaanza kesho, termostati nimeagiza Goma, inakuja na boti.