Kesi ya Ghailani: je, mahakama ya kijeshi ingefaa zaidi?

Mkazi wa Temeke:
Ndugu zangu, mabomu yaliyolipuliwa katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 yaliua watu 224, 11 kati yao hapa Dar. Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akapitia mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kisha Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani nchini Cuba, na mwaka 2010 akashitakiwa katika mahakama ya kiraia ya New York, ambayo ilimwona hana hatia katika mashtaka 284 na kumtia hatiani kwa moja tu. Je, watuhumiwa wa ugaidi wasipelekwe moja kwa moja katika mahakama za kijeshi, ambako kesi haitaponyoka namna hii?

Wakili Mstaafu:
Kesi haikuponyoka, ndugu yangu. Shtaka hilo moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani, lilimpatia kifungo cha maisha Januari 2011. Kilichoudhoofisha upande wa mashtaka ni mateso. Shahidi Mtanzania aliyetarajiwa kueleza kwamba alimuuzia Ghailani baruti alikataliwa na Jaji Lewis Kaplan, kwa sababu serikali ilimjua kutokana na maneno ambayo mshitakiwa aliyatoa alipokuwa akishurutishwa na CIA. Na jaji huyo aliandika kwamba haikuwa wazi hata kidogo kama mahakama ya kijeshi nayo ingeupokea ushahidi huo. Tena, wanaodhani wanajeshi ni wakali zaidi wamtazame Salim Hamdan, dereva wa Osama bin Laden: mahakama ya kijeshi huko Guantánamo ilimpa kifungo cha miezi 66 mwaka 2008, akahesabiwa muda aliokwisha kukaa kizuizini, na mwaka huohuo akarudishwa Yemen.

Binti wa Mvita:
Mzee wangu, kwa heshima, jibu lako linatazama adhabu tu. Aliyefiwa alitaka kusikia mahakama ikitamka nani aliyemuua ndugu yake, na Ghailani aliondolewa mashtaka yote ya mauaji. Uchungu huo haufutwi na urefu wa kifungo. Hata hivyo siitetei Guantánamo, kwani Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulio ya Septemba 11 huko Marekani, alikamatwa mwaka 2003 na miaka 20 ikapita kesi yake ikiwa bado katika mabishano ya awali, wakati mahakama ya Milimani, Nairobi, iliwatia hatiani watu watatu mwaka 2019 kwa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililotokea mwaka 2015.

Wakili Mstaafu:
Ninaukubali uchungu huo, binti yangu, ila nisingeilaumu mahakama. Mwaka 2001 mahakama hiyohiyo ya New York iliwatia hatiani watu wanne kwa mabomu hayohayo, akiwemo Mzanzibari Khalfan Khamis Mohamed, na wote wakafungwa maisha. Mmoja wao, Mohamed al-Owhali, alihojiwa na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, jijini Nairobi kwa nia ya kumfikisha mahakamani, na maelezo yake yakapokelewa; Ghailani alihojiwa gerezani kwa siri, na wahoji wake hawakuwa na haja ya kujiuliza jaji angesema nini.