Kasri la sultani Kilwa Kisiwani, na watoto wadogo na bibi mwenye magoti, inawezekana?

Mama Wawili:
Habarini wana Kusini. Jamani wanangu wawili, mmoja ana miaka 6 mwingine 9, wameangalia katuni za wafalme mpaka wameniambia likizo ya mwezi wa sita wanataka kwenda kwenye kasri. Baba yao akacheka akasema kasri si lipo Kilwa tu, mnataka la wapi tena. Sasa mimi nimezaliwa Mtwara nimekulia Mtwara, Nangurukuru nimepita na basi mara sijui ngapi nikienda Dar, kisiwani sijawahi kukanyaga (aibu najua). Kuna kitu cha mtoto kuona kweli au ni mawe tu? Na mama mkwe kasema habaki nyumbani, na magoti yake ndo hayo.

Mchinga2:
Dada nendeni. Sisi tulienda mwaka jana kutoka Lindi, mnashuka Nangurukuru mnachukua haisi mpaka Kilwa Masoko, pale mnakata kibali kwanza kabla ya boti, beba kitambulisho maana bei ya mwenyeji na ya mgeni sio moja. Kuvuka hata hamchoki, kisiwa unakiona kile pale. Ukishuka tu kasri hilo hapo mbele, lina mlango mkubwa wa mbao, watoto watafurahi. Ila ulizeni maji, sisi tulirudi yamekupwa boti imekwama mbali tukatembea kwenye tope, kandambili yangu moja iko huko mpaka leo.

Mzee wa Shangani:
Mchinga2 umempoteza dada wa watu. Hiyo uliyoiona mbele ni Gereza, ni ngome sio kasri. Wareno ndo walianza ngome pale 1505 walipoivamia Kilwa, na hilo jengo la leo sehemu kubwa ni Waomani walijenga upya baadae. Kasri lenyewe ni Husuni Kubwa, liko upande wa mashariki juu ya mwamba linaangalia bahari, kutoka Gereza ni mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kupita kijijini na vichakani. Lilijengwa na sultani al-Hasan bin Sulaiman karne ya 14, vyumba zaidi ya 100 vya mawe ya matumbawe na chokaa, hela za dhahabu ya Sofala kule Msumbiji hizo. Paa hakuna waambie watoto mapema wasije kulia. Ila kuna birika la kuogea lina pembe nane, hilo usiwaache wasilione.

Na wasimulie hii njiani. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 akamkuta huyohuyo sultani, watu wanamwita Abu al-Mawahib, yani baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa anagawa. Ijumaa moja katoka msikitini fakiri wa Yemen kamfata, anataka nguo alizovaa, tena sasa hivi. Sultani karudi ndani kwa khatibu kabadilisha nguo, akamwambia ingia uzichukue, jamaa kazifunga kwenye kitambaa kajitwika kichwani kaondoka. Mwanae sultani ikabidi azikomboe kwa watumwa kumi, sultani kusikia watu wanavyosifia akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hapo kwenye watumwa utaulizwa maswali, jiandae.

Mchinga2:
Kumbe mimi kasri sijaliona 😂 nimepiga picha Gereza nimewatumia ukoo mzima

Bibi Korosho:
Mama mkwe mwacheni upande wa Gereza na Msikiti Mkuu, ni karibu karibu, kule Husuni asiende. Au ongeeni na nahodha, maji yakiwa yamejaa boti inawazungusha mpaka chini ya mwamba, ila kupanda ni juu yenu. Bebeni maji ya kunywa na chakula, sisi tulibeba ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha ndo ilituokoa.

Mama Wawili:
Tumerudi juzi, asanteni wote. Mama mkwe alifika Msikiti Mkuu akakaa kwenye kivuli na akina mama wa pale, tunarudi tunamkuta anajua nani kaoa wapi. Husuni jua lilikuwa kali, mdogo analalamika paa liko wapi, mpaka tulipofika kwenye birika. Akashuka akaanza kuhesabu pembe kwa kugusa kila moja na kiganja, akapata tisa, akarudia akapata saba, kaka yake ikabidi asimame kwenye ya kwanza kama alama ndo zikatimia nane. Tumekaa pale nadhani kuliko sehemu zote, chokaa imemganda mpaka kwenye nyusi.

Ile hadithi ya fakiri Mzee umeniponza. Tunapanda boti kurudi yule mdogo kamgeukia baba yake, "Baba wa vipawa naomba fulana yako, sasa hivi." Watu wote kwenye boti wanamwangalia. Baba mtu amevuka mpaka Masoko kajifunga kanga yangu.