UKOO WA TUKUYU 🙏: Jumapili chini ya mlima Kitonga

Anko Uyole: Mwagonile. Msafara mko wapi? Kimya tangu alfajiri

Mama Neema: Ugonile anko. Tuko Ruaha Mbuyuni tumekwama. Lori limelala kwenye kona ya Kitonga foleni imeshuka mpaka huku chini, trafiki mmoja anasema saa nane mwingine anasema jioni

Shangazi Iringa: Jamani na mimi nimeshapika!! Nawasubiri hapa Ipogolo wali umeiva

Baba Mdogo: Funika tu dada. Tutaula hata ukiwa kiporo

Shangazi Iringa: Bibi anaendeleaje na hilo joto

Mama Neema: Ndo naandika hapa. Bibi kagoma kula chapati. Anasema leo Jumapili na yeye tangu abatizwe hajala Jumapili kabla hajasali, sisi tulitoka Moro saa kumi alfajiri tukijua ibada ya saa tano tutaiwahi Iringa, sasa saa nne hii tuko bondeni. Anataka tusali hapahapa kwenye mabenchi ya mama ntilie

Anko Uyole: Si msali. Shida nini

Mama Neema: Shida ni nani anaongoza 😂 Kosta nzima tuko 19 na makanisa manne

Dogo Chuo: Matano. Shemeji mpya ni Msabato

Mama Neema: Huyo alishasali jana anasema anatusindikiza tu

Ma'mdogo Mafinga: Mimi niko kwenye kosta ila naandika humu maana huko nje hawanisikilizi. Roho Mtakatifu hahitaji ratiba, tuanze na sifa nusu saa halafu maombi ya kufungua barabara

Baba Mdogo: Ndugu zangu mimi ni mzee wa kanisa nitaongoza kwa utaratibu wa Kimoravian, ndio kanisa la kwanza Rungwe, 1891

Mama Neema: Na sisi Walutheri wa misheni ya Berlin tulifika Unyakyusa mwaka gani baba? 1891 huohuo. Usituletee ukubwa

Anko Uyole: 😂😂 mapacha mnagombania kuzaliwa

Dogo Chuo: Sisi Wakatoliki bila padri hakuna Misa lakini. Nikisali na nyie nahesabiwa?

Shangazi Iringa: Mwanangu mimi ni katekista nakujibu. Ukiwa safarini umezuiliwa kweli, hukutega, hilo halikuhesabiwi kosa. Na kanisa linashauri mtu wa namna hiyo asali Neno pamoja na wenzake au na familia. Kaa na bibi yako. Misa utaikuta

Dogo Chuo: Sawa shangazi asante

Baba Mdogo: Jamani kitabu changu cha neno la siku nimekisahau kwenye begi lililotangulia na basi. Aliyeko nyumbani apige picha ukurasa wa leo atume

Anko Uyole: Natuma. Ila mwanga mbaya humu ndani

Baba Mdogo: Picha imekuja nusu mkuu. Naona dole gumba lako tu

Anko Uyole: Haya hiyo tena

Baba Mdogo: Ndaga, asante. Bibi anauliza kama wale Wamoravian wa Herrnhut kule Ujerumani nao wanasoma neno hilihili leo nimemwambia ndiyo, wanalitoa kila mwaka tangu 1731. Kafurahi, kasema basi hatuko peke yetu

(saa moja na nusu baadaye)

Anko Uyole: Vipi huko

Mama Neema: Tumemaliza. Subiri nihadithie maana mtandao unakatakata. Dereva wetu ni Muislamu yeye ndo kapanga mabenchi akazima na muziki wa baa ya jirani sijui kaongea nao nini. Bibi kaanzisha wimbo kwa Kinyakyusa, sisi tunaojua beti moja tukaitikia hiyohiyo moja, mara wale kina mama wanaouza vitunguu barabarani wakasogea na beseni zao wakakaa, kumbe wengine ni wa kwetu Tukuyu wameolewa huku! Tukawa kama 40

Baba Mdogo: Nilihubiri Matendo 16. Paulo kafika Filipi hana sinagogi, siku ya sabato akatoka nje ya mji akaenda kando ya mto akakaa na wanawake, ndo akampata Lidia muuza rangi ya zambarau. Na sisi mto Ruaha huo hapo na wauza vitunguu hao hapo, sikuhitaji kutafuta mfano

Dogo Chuo: Ilikuwa nzuri baba. Dakika ya 40 ndo ilikuwa ngumu

Baba Mdogo: Wewe ulikuwa unachezea simu

Dogo Chuo: Nilikuwa natafuta Filipi kwenye ramani

Shangazi Iringa: 😂😂

Ma'mdogo Mafinga: Mimi nilisema tushiriki na meza ya Bwana, soda nyekundu ilikuwepo na chapati zipo, nikanyamazishwa mbele za watu

Baba Mdogo: Mdogo wangu hapo sikuwa na namna. Mzee wa kanisa naongoza ibada, nasoma, naomba. Sakramenti ni ya mchungaji. Tungeshiriki kwa soda halafu Jumatano nasimama mbele ya baraza la wazee naeleza nini

Mama Neema: Na sisi KKKT ni hivyohivyo. Ila maombi uliomba wewe ma'mdogo na trafiki alitoa kofia

Ma'mdogo Mafinga: Na foleni imeanza kusogea. Nasema tu

Anko Uyole: Sadaka mlitoa?

Mama Neema: Ndo ugomvi wenyewe sasa. Zimepatikana 37,500 kwenye kofia ya kondakta. Zinaenda wapi? Baba mdogo anasema Moravian Tukuyu maana utaratibu ulikuwa wa kwao

Dogo Chuo: Elfu mbili yangu ni ya Katoliki lakini

Baba Mdogo: Basi itoe

Dogo Chuo: Nitaijuaje, elfu mbilimbili ziko nyingi

Shangazi Iringa: Mpeni mama ntilie tumemkalia mabenchi saa nzima

Mama Neema: Tulimpa kakataa, anasema hela ya Mungu haingii kwenye mandazi. Bibi ndo kaamua. Kasema sadaka inabaki iliposaliwa, na wale mama wa vitunguu wamesema kuna kanisa dogo la tofali mbichi nyuma ya soko halijaezekwa upande mmoja. Dereva kakimbia kapeleka na bodaboda

Anko Uyole: Kanisa la nani hilo?

Mama Neema: Dereva anasema kibao kimefutika na jua hakusoma

Baba Mdogo: Mimi nililiona wakati tunaingia. Nanyamaza

Dogo Chuo: 👀 la kina ma'mdogo

Ma'mdogo Mafinga: Haleluya 😂😂😂

Mama Neema: Haya tumeanza kupanda Kitonga. Bibi anakula chapati yake. Simu zitapotea hapa katikati msihangaike

Shangazi Iringa: Narudisha wali motoni. Mkifika Ilula mnibipu